Daftari la Usingizi wa Mama

Kila asubuhi Noela aliamka saa kumi na moja na nusu, akafanya ishara ya msalaba, kisha akatoka nje kufagia uwanja. Mwezi wa saba Songea huwa na baridi kali. Ukungu ulifunika paa za nyumba za Lizaboni, na vidole vyake vilikufa ganzi kwenye ufagio. Akimaliza kufagia alichota maji bombani, akawasha jiko la mkaa na kukoroga uji wa watu wawili. Baba yake, mzee Leonce, aliugua figo na kufariki mwaka uliopita. Tangu hapo walibaki yeye na mama tu.

Watoto wengine wa darasa la sita huamshwa na mama zao. Noela alikuwa akimsubiri wake arudi.

Siku hiyo mama aliingia uwanjani amejifunika blanketi, macho mekundu, miguu imelowa umande.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Uji upo?"

"Upo. Umelala hata kidogo?"

"Nilijiegesha ukutani. Walipoanza rozari ya alfajiri nikaamka."

Mama, ambaye jina lake ni Lidwina, alikuwa ametoka msibani. Katika jumuiya yao, mtu akifariki, wanawake hulala kwa mfiwa hadi siku ya mazishi, na walio karibu zaidi huendelea kulala hapo siku kadhaa. Husali, huimba, na humzunguka mfiwa asilie peke yake. Baba yake Noela alipofariki, wanawake walilala kwao siku tisa. Bibi Aurelia, jirani yao mzee, alitandika mkeka wake kando ya mama usiku wote tisa, akamshika mkono. Mama hakusahau. Aliapa kwamba hakuna msiba wa jumuiya ambao yeye hatalala. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na sauti ya kuanzisha nyimbo, kila mfiwa alimwita.

Mwaka huo baridi iliwachukua wazee wengi. Mwezi wa sita misiba ilikuwa mitatu, mwezi wa saba minne. Mama alikesha usiku na kushona nguo mchana, barazani, kwenye cherehani yake. Siku moja alisinzia huku miguu ikiendelea kukanyaga, sindano ikapita katikati ya kucha. Hakulia. Alikaa tu akiitazama damu ikilowesha shati la mteja.

Juma hilo walikwenda zahanati. Tabibu Bakili, mwanaume mpole mwenye ndevu fupi, alimfunga mama kitambaa cha kipimo mkononi, akapima mara mbili.

"Mia na sabini na mbili kwa mia na nne," alisema. "Mama, presha hii si ya kuchezea. Dawa unakunywa?"

"Kila siku."

"Chumvi?"

"Nimepunguza. Noela analalamika mboga zimekuwa kama maji."

Tabibu alitabasamu. "Na usingizi?"

Mama alitazama chini. "Kidogo."

"Kidogo ni saa ngapi?"

Tabibu akavuta kiti. "Sikilizeni. Mtu akilala usingizi mzito, presha hushuka, moyo na mishipa hupumzika. Asipolala, moyo wake ni kama mpagazi anayetembea usiku na mchana bila kutua mzigo. Dawa inasaidia, lakini haiwezi kulala kwa niaba yako. Unahitaji kulala kwa saa saba hivi kila usiku." Akamgeukia Noela na kumpa daftari jembamba. "Wewe unajua kuandika. Kila asubuhi andika mama alilala wakati gani na aliamka wakati gani. Usiandike anachotaka yeye. Andika ulichokiona. Nitaamua dawa kwa kutazama daftari hili."

Noela alilibeba kifuani njia nzima. Hakuna mtu mzima aliyewahi kumkabidhi jambo kubwa hivyo.

Asubuhi iliyofuata alimuuliza mama aliporudi kutoka msibani, akaandika: Mama alilala saa tisa usiku, akaamka saa kumi na moja. Mama alilisoma akiwa amesimama nyuma yake.

"Hiki ndicho utakachompelekea tabibu?"

"Ndiyo mama. Si ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndivyo. Lakini akisoma hivi atanikataza misiba." Sauti yake ilishuka. "Noela, nikiacha kulala kwa wenzangu, siku yangu ikifika nani atalala hapa? Utakaa peke yako na maiti ya mama yako?"

Noela alihisi baridi iliyozidi ile ya nje. Alichana ukurasa ule, na kwenye ukurasa mpya akaandika kwa mwandiko mzuri: Saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Kesho yake akaandika hivyo tena, na keshokutwa yake. Wakati wa kusali kabla ya kulala, akifika mahali pa kuomba msamaha, ulimi wake ulikuwa mzito. Aliruka maneno hayo, akajifunika shuka.

Baada ya wiki mbili walirudi zahanati. Kipimo kilisoma mia na sabini na sita kwa mia na nane. Tabibu Bakili alifungua daftari, akakuna ndevu.

"Ajabu. Saa saba kila usiku, na bado inapanda. Basi dawa hii moja haimtoshi." Akaandika kidonge cha pili. "Hongera Noela, umeandika vizuri."

Noela aliona bora angechapwa. Alimtazama mama, na mama akatazama dirishani.

Siku ya tano ya kidonge kile, kulikuwa na msiba wa mama yake mzee Saimon, nyumba ya nne kutoka kwao. Mama alikuwa amekesha siku mbili kwa chai ya rangi kali. Ilikuwa Jumamosi, na Noela alikuwa nyuma ya nyumba hiyo ya msiba akisuuza vikombe. Aliwasikia wanawake wakiongea mkekani.

"Lidwina, ubeti ule leo umeuimba mara nne."

"Marehemu alikuwa anaupenda," mama alijibu.

"Marehemu alikuwa kiziwi!"

Walicheka kwa kujiziba midomo, kama watu wanavyocheka msibani. Kisha wanaume wakaingia kulitoa jeneza. Mama alisimama haraka ili aanzishe wimbo. Neno la kwanza lilitoka. La pili halikutoka. Noela alisikia kishindo, kisha sauti nyingi: "Jamani! Lidwina! Mshikeni!"

Alipofika, mama alikuwa amelala kwenye kizingiti, paji la uso limepasuka. Jeneza lilikuwa limesimamishwa mlangoni mabegani mwa wanaume, kwa kuwa mama alikuwa ameziba njia. Noela hakuisahau picha hiyo kamwe.

Walimpeleka zahanati kwa bajaji. Tabibu Bakili alimshona nyuzi tano, akampima akiwa amelala, kisha akiwa ameketi, akakunja uso.

"Akilala iko juu, akiinuka inaporomoka. Sielewi. Analala vizuri, anakunywa dawa. Labda tubadilishe dawa zote, tumpe zenye nguvu zaidi."

Noela alisimama pembeni ya kitanda. Alimwomba Mungu nguvu moja tu, ya kufungua mdomo.

"Tabibu, usibadilishe. Daftari ni la uongo."

Tabibu aligeuka polepole.

"Mama halali kwa saa saba. Analala misibani. Siku nyingine analala kwa saa mbili tu, siku nyingine halali kabisa. Mimi ndiye niliyeandika."

Tabibu hakupaza sauti. Alikaa kwenye kiti, akavua miwani.

"Kumbe wiki zote hizi nilikuwa namtibu mama aliye kwenye daftari," alisema. "Huyu aliyelala hapa sijaanza kumtibu."

Machozi yalimtiririka mama hadi kwenye bandeji. "Usimlaumu mtoto. Mimi ndiye niliyemwambia. Tabibu, mume wangu alipokufa walilala kwangu siku tisa. Nisipowalipa, mimi ni mtu gani?"

"Mama, mimi ni Mwislamu, na kwetu pia tunalala matanga," tabibu alijibu. "Sikukatazi kumfariji jirani. Nenda jioni, sali, lia na wenzako. Ikifika saa tatu, rudi nyumbani. Lala saa ileile kila siku, chumba kiwe na giza, simu ibaki sebuleni. Chai kali usinywe baada ya saa kumi jioni, na ukiinuka, inuka polepole. Kidonge cha pili tutakisimamisha kwanza. Cha kwanza usikiache hata siku moja. Na wewe Noela, anza ukurasa mpya."

Haikuwa rahisi. Usiku wa kwanza mama aligeuka kitandani hadi alfajiri, na Noela akaandika hivyohivyo: Mama hakupata usingizi. Mwili uliozoea kukesha ulikuwa umesahau kulala. Usiku wa nne alilala kwa saa nne, wa nane akalala kwa saa sita. Lakini misiba ilikuja, na saa tatu ikifika mama alijifunga kitenge na kuaga huku uso umeinama. Bombani Noela alisikia maneno: "Siku hizi Lidwina ni bosi, mkeka wetu una kunguni." Hakumweleza mama. Hata hivyo mama alijua, maana watu walipunguza kumsalimu.

Presha ilianza kushuka. Mia na hamsini na nne. Baada ya wiki mbili nyingine, mia na arobaini na nne.

Ndipo Valence alipofariki. Alikuwa mtoto pekee wa Bibi Aurelia, fundi wa paa, na alianguka kutoka juu ya nyumba huko Bombambili. Mama aliposikia alikaa chini, mita ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni.

"Huyu simwachi," alisema. "Bibi alinishika mkono usiku tisa. Presha ikitaka kupanda, ipande."

"Mama, tabibu alisema..."

"Nimesikia alichosema! Leo nalala kwa Bibi."

Walikwenda pamoja. Nyumba ilijaa wanawake. Bibi Aurelia alikuwa ameketi kwenye kona, mdogo kuliko siku zote, khanga imefunika kichwa. Mama alianzisha nyimbo, moja baada ya nyingine. Saa tatu ilipofika, Noela alimgusa bega.

"Mama, saa tatu."

Mama alitikisa kichwa. Mwanamke mmoja, Mama Jane, akaguna. "Makubwa! Mtoto anampangia mama yake muda wa kulia."

Noela aliona macho yote yamemgeukia. Angeweza kunyamaza. Lakini aliliona tena jeneza lile mlangoni.

"Shikamooni," alisema. "Mama anaumwa presha. Alipoanguka kwa mzee Saimon, ni kwa sababu ya kukesha. Niliandika uongo kwa tabibu ili mama aendelee kuja huku, na uongo huo nusura umuue. Anaogopa kwamba asipolala kwenu, na ninyi hamtalala kwake."

Mama alijifunika uso. Kutoka kwenye kona, Bibi Aurelia alinyoosha mkono wake uliokunjamana.

"Lidwina. Njoo hapa."

Mama alikwenda kwa magoti.

"Kwani nilipolala kwako, nilikukopesha?"

"Hapana, Bibi."

"Nililala kwako kwa sababu ulikuwa mchanga katika ujane na ulikuwa ukilia. Sikuweka alama ukutani. Leo hapa tupo wanawake ishirini, mkono wa kunishika haukosekani. Mungu akitaka umpende jirani, hajasema ujiue kwanza. Nimekwisha kumpoteza mmoja. Usinitafutie wa pili. Nenda kalale, uje kesho mchana unipikie uji."

Kisha akainua macho. "Na wewe Mama Jane, uliyesema sana, zamu ya kuanzisha nyimbo ni yako."

"Mimi, Bibi? Sauti yangu hii inafukuza kuku!"

"Tutafuga wengine."

Wanawake walicheka huku wanafuta machozi. Mama akabusu mkono wa Bibi Aurelia na kuinuka polepole, kama alivyofundishwa na tabibu.

Njiani baridi iliwauma masikioni. Karibu na nyumbani mama alisimama.

"Noela, nisamehe. Nilikufundisha uongo nikauita upendo. Kumtii mzazi ni vyema, lakini mzazi akikutuma kusema uongo, mheshimu kwa kumwambia kweli. Mwili huu Mungu ametukabidhi tu. Kuunyima usingizi ni kuutesa, hata kama unautesa kanisani au msibani. Mgonjwa anayemficha tabibu ukweli anajichimbia kaburi, na anayemsaidia kuficha anashika jembe la pili."

"Nami nisamehe, mama," Noela alisema.

Usiku huo Noela alisali bila kuruka neno. Mama alimeza kidonge chake, akaacha simu sebuleni, akazima taa. Nyimbo kutoka kwa Bibi Aurelia zilisikika bado. Aliyeanzisha alikuwa na sauti ya kukwaruza kweli, lakini wengine walimpokea na wimbo ukasimama. Mama alisikiliza ubeti wa kwanza na wa pili. Wa tatu hakuusikia.