Ufunguo wa Bi Sikudhani

Vidole vitano vya chuma laini vilikuwa vikisuka nywele za bibi harusi, mistari myembamba kama uzi, bila kukosea hata unywele mmoja. Ulikuwa mkono-tambuzi, mkono bandia wenye kompyuta ndani yake. Mwenye nao, Bi Sikudhani, msusi wa Ngamiani mjini Tanga, alikuwa akipiga soga zake tu.

Hamdu Shekilindi alisimama mlangoni akiukodolea macho. Programu iliyouongoza mkono ule aliiandika yeye, peke yake, kwa miaka tisa. Mikono hiyo ilitumia kompyuta ya aina ya Ndubi, yenye watumiaji wachache mno hata kampuni kubwa hazikujisumbua nayo. Nchi nzima ilikuwa na mikono mia mbili na sita. Waliolipia programu ni arobaini na mmoja. Waliobaki walitumia nakala za wizi, na kila nakala ilibeba namba moja ya ufunguo, ile anayopewa mnunuzi: ya Bi Sikudhani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Akampa kiwiko badala ya mkono.

Kiwiko! Huyu anaficha kitu, Hamdu aliwaza, na hasira ikampanda.

"Mimi ndiye fundi wa programu ya huo mkono. Nani anaigawa?"

Msusi hakuacha kusuka. "Wewe."

"Mimi?"

"Si wewe uliyeiwezesha mikono ifundishane ikishikana? Mimi ni mwenyekiti wa chama chetu sisi wenye mikono hii. Kila mgeni nilimpokea kwa mkono. Ukimnyima mtu mkono umemtukana. Kumbe kila niliyemsalimia aliondoka na programu yako nzima! Nilipogundua mwaka juzi, nikaanza kumpa kila mtu kiwiko, nisionekane nabagua; mkono wa kushoto nao ni tusi. Wifi zangu wananiona najidai. Hata msibani kwa kaka yangu, mwanangu, waombolezaji niliwapa kiwiko."

"Mbona hukuniambia?"

"Barua tatu nimekuandikia."

Hamdu aliona aibu. Barua za watumiaji alikwisha acha kuzisoma. Aliwaona wote wezi wanaotaka msaada wa bure. Kisha aibu ikageuka hofu. Asubuhi ile, kabla hajatoka nyumbani, alikuwa ametuma amri ya kuzima kila mkono wenye ufunguo ule ifikapo saa sita mchana. Mtandao wa Ndubi, mdogo na mkongwe, ulipeleka ujumbe mara moja tu kwa siku, saa hiyo hiyo ya sita. Amri ikishatoka, hairudi, na mkono uliozimwa hufumba vidole.

Alitazama saa: ilibaki dakika moja. "Mama, toa mkono kichwani kwake! Upesi!"

"Ngoja nimalizie huu mstari."

Vidole vilijifunga. Bibi harusi akapiga yowe.

Nchini kote, mikono mia moja sitini na sita ilikuwa imefumba vidole kwa wakati mmoja, kila mmoja ukiwa umeng'ang'ania ulichokishika: mpini wa jembe, sufuria ya moto, mkono wa mtoto.

Bi Sikudhani alijaribu kuvikunjua vidole kimoja kimoja. Havikusogea. "Utafunguka lini?"

"Nikituma amri nyingine sasa hivi," Hamdu alisema, "kesho saa sita."

"Ndoa ni leo alasiri," bibi harusi alisema, akaanza kulia.

Msusi akamnyooshea Hamdu mkono wake mwingine, ule wa nyama.

"Niletee mkasi," alisema.