Kamba za Mkono wa Kushoto

Jumatano, saa mbili asubuhi.

Ghala la ngozi la Marcel, pale Runzewe, lilinuka kiasi kwamba mgeni aliingia na kutoka kwanza, akavuta pumzi, ndipo akarudi. Ngozi mbichi za ng'ombe zilipangwa mpaka karibu na bati. Maji ya chumvi na damu yalichuruzika sakafuni. Marcel alikuwa humo humo, amekalia ngozi, anakula maandazi.

"Saa tano na nusu," alisema, akilamba mafuta vidoleni. "Leo mnada. Askari wote watakuwa kwenye ng'ombe wakitafuta chochote cha mfukoni. Kituoni atabaki mmoja, kijana mgeni. Saa saba gari la mahakama linafuata magunia. Litakuta stoo tupu."

Luka, dereva wa lori, alikuwa mlangoni akisokota msokoto wake wa bangi. Maduhu alichuchumaa pembeni. Huyu hakuwa jambazi. Kazi yake ilikuwa kushusha wachimbaji duarani kule Nyarugusu, shimo la mita arobaini, roho za watu zikining'inia kwenye kamba aliyoishika yeye. Alimfuata Marcel kwa sababu moja tu. Mama yake, Limi, alikuwa na wiki ya sita mahabusu kwa magunia manne ya bangi, na saa nane mchana hakimu alitaka magunia yote yaletwe mbele yake, yafunguliwe.

"Bila magunia hakuna kesi," Marcel alimwambia kwa mara ya kumi. "Mimi nauza mali, wewe unapata mama. Kuna ubaya?"

"Hakuna, bosi."

Luka aliwasha msokoto. "Kwani serikali si iruhusu tu, yaishe? Wachimbaji wanavuta, askari wanavuta. Gongo inapofusha watu na bado inanyweka."

"Mayu, mama yangu, hajawahi kuvuta," Maduhu alisema. "Anasokota kamba. Mabua ya bangi ukiyaloweka wiki mbili unapata nyuzi, na kamba yake haiozi upesi. Majani anawachemshia ng'ombe wanaohara. Babu alifanya hivyo maisha yake yote, hakuna aliyemgusa."

"Basi waruhusu ya kamba, wakataze ya kuvuta," Luka alisema.

Marcel alicheka, chembe za andazi zikamruka mdomoni. "Mungu apishe mbali! Wakiruhusu, kila mama ataipanda nyuma ya jiko. Mimi nitamuuzia nani? Acha wakaze sheria. Jumapili nilisimama kwenye mkutano wa kata nikasema bangi inamaliza vijana wetu. Walinipigia makofi."

Alifuta mikono kwenye ngozi, akainuka. Mtu wa namna hii anatia kinyaa kuliko ghala lake, na ukweli ni kwamba ghala lilikuwa na nafuu.

Saa tano na nusu.

Jina la kituo silitaji. Kilikuwa kijumba cha vyumba vitatu kando ya barabara, na kijana mmoja kaunta, kofia imemzidi kichwa, anaandika kitabu cha matukio. Kwa mujibu wa mpango, Marcel alikuwa amwite nje akakague ngozi kwenye lori, Luka akiwa usukanini, mlango wa kituo mbele yake. Basi.

Kijana alipomwona mtu mzima akiingia, alisimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alijibu Marcel, akampiga nondo ya kichwa.

Damu iliruka mpaka kwenye kitabu. Maduhu alimshika Marcel mkono.

"Hatukukubaliana hivi!"

"Ameona sura yangu. Ameshakufa huyo, kabebe magunia."

Hakuwa amekufa. Maduhu aliona kifua kikipanda na kushuka. Alimgeuza ubavu asipaliwe na damu, akakimbilia stoo ya vielelezo, mtaimbo mkononi. Hakuuhitaji. Kufuli lilikuwa limening'inizwa tu kwenye komeo, halikufungwa. Maduhu alishukuru bahati yake, maskini wa Mungu, akaanza kubeba.

Magunia manne, kila fundo limepigwa lakiri nyekundu ya polisi. Baada ya dakika sita yalikuwa chini ya ngozi. Harufu ile hakuna askari ambaye angetaka kuipekua.

Saa sita kasorobo.

Lori liliondoka. Marcel na Luka walikaa mbele. Maduhu aliachwa nyuma, juu ya ngozi, mbu na nzi wakigombania masikio yake. Kwenye kona ya kwanza alipepesuka, akashika kamba iliyofunga mtumba wa ngozi.

Kiganja chake kilijua kabla ya macho.

Mama yake alitumia mkono wa kushoto. Kijijini walimcheka tangu utotoni, kwamba anasokota kinyumenyume, kwa sababu kamba zake zilipinda upande ambao kamba ya mtu mwingine yeyote haipindi. Maduhu alishusha watu kwa kamba zile miaka minane. Angeitambua moja gizani katikati ya mia.

Aliinama akatazama. Mtumba wa kwanza ulifungwa kwa kamba ya Limi. Na wa pili. Na miwili iliyobaki. Kamba nne, idadi ile ile ya magunia.

Aliziinua ngozi, akavuta gunia. Fundo lilikuwa la kamba ya katani, ya dukani, na lakiri ilikuwa juu ya katani hiyo. Mama yake hakuwahi kununua kamba ya duka maisha yake yote. Maduhu alitoa kisu, akachana kona ya gunia moja huko chini, mbali na lakiri. Zikamwagika nyasi. Nyasi kavu za kuezekea, na mabua ya pamba.

Alikaa nazo mkononi. Bangi ilikuwa imeshauzwa zamani. Mtunza vielelezo, Sajenti Mageni, mwenye ufunguo wa stoo ile, alimpa Marcel, wakajaza nyasi kwenye magunia mengine, wakapiga lakiri. Kisha hakimu akasema yafunguliwe. Ikabidi yaibwe, na ikabidi mwizi awe mtoto wa mshtakiwa, maana nani angeamini kwamba mtoto amevunja kituo kwa ajili ya nyasi? Mama yake angefungwa kwa wizi huu huu wa kumwokoa. Na Marcel, kwa ubahili wake, alishindwa kutupa kamba nne nzuri.

Maduhu alirudisha ngozi juu ya gunia, akabakiza konzi moja ya nyasi.

Saa sita na dakika ishirini.

Njia panda, lori lilisimama. Marcel alishuka. Pikipiki ilikuwa inamngoja.

"Tangulieni," alisema. "Nitawakuta Nyarugusu."

"Sawa, bosi," Maduhu alijibu kutoka juu, sauti yake imetulia kabisa.

Vumbi la pikipiki lilipotulia, aliruka chini, akafungua mlango wa dereva, akammwagia Luka konzi ya nyasi mapajani.

"Nini hii?"

"Bangi yetu. Alikuambia ufanye nini mbele?"

Luka aliutazama usukani. "Aliniambia nikifika darajani nisimame. Nishuke, niingie porini kama najisaidia."

"Darajani kuna nani?"

"Mageni ameweka vijana wawili." Aliongeza haraka, "Walisema watakukamata tu, Maduhu. Haki ya Mungu, kukukamata tu."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nina watoto, kaka."

"Mimi nina mama." Maduhu alimsogelea mpaka Luka akainua mkono kujikinga. "Sikupigi. Unanichefua tu. Hebu fikiri. Wewe umeendesha, umemwona Marcel akimpiga yule kijana. Umeona hizi nyasi sasa hivi. Mageni atakuacha urudi kwa watoto wako?"

Luka alizikung'uta nyasi mapajani. Kisha akageuza lori.

"Mahakamani unashuka peke yako," alisema.

"Nitashuka."

Saa nane na dakika kumi.

Mahakama ya wilaya ilikuwa imejaa. Sajenti Mageni alikuwa kwenye kizimba cha mashahidi, kofia kwapani, sauti imemlegea kwa huzuni ya uongo. Alimweleza Hakimu Generosa jinsi majambazi walivyomjeruhi askari wake na kubeba vielelezo, na kwamba kiongozi wao, kwa taarifa alizonazo, ni mtoto wa mshtakiwa. Kwenye benchi la mbele alikaa Marcel, shati safi, anatikisa kichwa kama raia mwema aliyechoshwa na uhalifu.

Harufu iliingia kwanza. Halafu Maduhu, gunia begani.

"Ndiye huyo!" Mageni alipiga kelele. "Mkamateni!"

"Wanikamate," Maduhu alisema. Alilitua gunia mbele ya hakimu. "Shikamoo, mheshimiwa. Mengine yako nje. Hili nimelichana mwenyewe, yale matatu lakiri zake hazijaguswa. Naomba uyafungue wewe, si polisi."

Mageni aliruka kuzuia. Hakimu Generosa alimtazama mara moja tu, naye akasimama pale pale. Magunia yaliletwa ndani, karani akakata lakiri moja baada ya nyingine. Nyasi. Nyasi. Nyasi tena. Ukumbi ulivuma.

"Mshtakiwa," hakimu aliita. "Haya ni magunia yako?"

Limi alisogea taratibu. Wiki sita zilikuwa zimemmaliza mashavu. Alishika fundo lililokatwa kwa mkono wake wa kushoto, akaliachia.

"Hii si kamba yangu, mama. Mimi sifungi kwa katani." Aligeuka dirishani, lori la Marcel lilikokuwa limeegeshwa kando ya ukuta, na akanyoosha mkono. "Kamba zangu zile pale. Zimefunga ngozi za Marcel."

Kila kichwa kiligeuka. Marcel alikuwa tayari amesimama, anautafuta mlango, na watu waliompigia makofi Jumapili hawakumpisha.

Kesi ya Limi ilifutwa siku hiyo hiyo. Yule askari kijana alipona, akaja baadaye kumtambua Marcel. Marcel na Mageni wakaenda jela. Maduhu alipata miaka mitatu kwa kuvunja kituo, ingawa kufuli halikuwa limefungwa.

Mchana ule walipokuwa wakimtoa, pingu mikononi, Limi alimfuata mpaka mlangoni.

"Kamba zangu walizifungia vitu vya kuoza," alisema, na ndipo alipolia. "Nitakusokotea nyingine, mwanangu. Zitakuwa tayari ukitoka."