Kabla ya Kumwita Daktari

"Mapigo ya moyo ya mtu mzima?" aliuliza Mama Pacha, akisuka nywele za binti yake.

"Sitini hadi mia kwa dakika!" mapacha wake waliitikia.

Mumewe, fundi cherehani, alikuwa kibarazani akishona. "Nyumba hii hata cherehani itafaulu mtihani," alisema.

"Cherehani haijawahi kufeli," mkewe alijibu.

Yeye alishafeli. Kabla ya chuo cha uuguzi alikuwa mhudumu wa wodi kwa miaka mingi, akifagia na kubeba mabeseni. Sasa hospitali ilimwekea nafasi ya muuguzi. Akifeli tena mtihani wa leseni, nafasi itakwenda kwa mwingine, naye atarudi kwenye ufagio. Aliogopa, na kwa hofu hiyo alikariri kama kasuku.

Jioni jirani yao, muuguzi wa wodi ya watoto, alikuja kuchukua gauni lake. Alikiona kitabu cha mtihani, akafungua maswali ya mazoezi.

"Dada, mgonjwa anainuka kitandani, anasema ana kizunguzungu. Utaanza na nini?"

"Namwita daktari."

"Bandeji imelowa damu."

"Namwita daktari."

"Mtoto anakataa kumeza dawa."

"Namwita..."

"Daktari huyo atalala saa ngapi?" fundi aliuliza.

Jirani alicheka, akakifunga kitabu. "Dada, kichwani umejaa. Kinachokuponza ni mazoea. Ulipokuwa mhudumu, kazi yako ilikuwa kuona na kuita. Mtihani huu unamuuliza muuguzi: kabla daktari hajafika, wewe utafanya nini?"

"Kwa hiyo kuita ni kosa, mdogo wangu?"

"Hapana. Hali ikiwa mbaya, unaita upesi. Kosa ni kumwita ukiwa huna la kumwambia. Mwenye kizunguzungu mlaze asianguke, mpime presha. Penye damu, gandamiza kidonda. Mtazame mgonjwa, fanya unachoruhusiwa, kisha ita ueleze."

Mama Pacha alikivuta kitabu kwake. "Kweli mazoea yana taabu," alisema.

Tangu hapo aliacha kukariri majibu. Kila swali alilokosa, alijiuliza amekosea wapi. Fundi akawa mgonjwa wake juu ya benchi. Alikuwa mgonjwa msumbufu, anazimia huku anadai chai. Mama Pacha akianza tu kusema "Namwi...", mapacha walipiga kelele, "Mtazame kwanza!" Usiku wa kuamkia mtihani alifunga kitabu mapema, akalala.

Alifaulu. Fundi alilia mbele ya wateja, akasingizia vumbi la vitambaa.

Mwezi wake wa kwanza kazini, mhudumu alimjia mbio. "Nesi, mzee wa kitanda cha dirishani anahema vibaya! Nimwite daktari?"

Mama Pacha alikuwa ameshafika kitandani. Alimkalisha mzee, akamwegemeza kwenye mito, akahesabu pumzi zake, akampima oksijeni. Papo hapo akapiga simu.

"Daktari, mzee alikuwa amelala chali, anahema kwa shida. Nimemkalisha. Pumzi ni thelathini na mbili kwa dakika, oksijeni imeshuka. Njoo sasa hivi."

Daktari alikuja na mtungi wa oksijeni, kwa sababu alijua anachokijia.

Baada ya muda mzee alipata sauti. "Mwanangu," alisema, "nilidhani ndiyo safari."

"Bado, baba," alimjibu, akimshika mkono. "Pumua taratibu."