Fungu Lisilo na Mahali

Haya yalimpata Marlene Yurick, jirani yetu wa juu ya ngazi za mtaa kule Pittsburgh. Wakati huo alikuwa mcheshi, mwanamke wa kusikika akicheka kabla hujamwona. Siku hizi ukipita kwake unasalimiwa kupitia dirishani tu.

Alifanya kazi chuoni, chini ya maktaba, kwenye chumba cha kompyuta. Mafaili ya chuo kizima yaligawanywa katika mafungu, kila mtu na lake, na mafungu hayo yalitawanywa kwenye seva nyingi. Fungu liliweza kuhamishwa kutoka seva moja hadi nyingine na mwenyewe asijue, kwa sababu palikuwa na rejesta moja iliyosema kila fungu liko wapi. Rejesta ikikosea, fungu linakuwa kama mtu aliyehama bila kuaga: yupo, lakini hapatikani. Kwa hiyo, kila baada ya kuhamisha, Marlene alitakiwa aziulize seva zote zina nini hasa, kisha alinganishe majibu yao na rejesta. Kazi yenyewe ilichosha lakini haikuwa ngumu.

Ijumaa moja ya Novemba, diski mojawapo ilianza kukwaruza. Marlene akaanza kuyahamisha mafungu yaliyokuwa ndani yake, moja baada ya jingine, jicho likiwa kwenye saa.

"Wewe bado upo?" Gene, bosi wake, alichungulia mlangoni. "Si mpwa wako anaolewa kesho? Biskuti za meza ya harusi anaoka nani?"

"Mimi, nani mwingine? Dada yangu akioka, wageni watagawiwa nyundo."

Gene alicheka, akaenda zake. Fungu la mwisho likakwama. Marlene alisubiri, likabaki limekwama. Akaikatisha amri ya kuhamisha. Akatazama rejesta: fungu liko kwenye seva mpya. Basi, akaiamini. Hakuiuliza seva yenyewe. Akaifuta diski mbovu, akaichomoa, akaiweka kwenye rafu stoo, akakimbilia unga na siagi.

Jumatatu akaja Viola Hrabchak, mwalimu wa idara ya lugha, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo. Ndani ya fungu lake aliweka sauti ya mama yake mzazi akiimba na kusimulia kwa lugha ya kijijini kwao, huko kwenye milima ya Karpati. Kanda zenyewe alikwisha kurekodi masomo mengine juu yake, akijua sauti ziko salama chuoni. Na mama alikuwa amefariki tangu masika.

"Nikifungua, hamna kitu," alisema. "Hebu niangalizieni, tafadhali."

Marlene aliangalia. Kwenye seva mpya palikuwa na ganda tupu. Papo hapo alielewa alichokifanya. Gene alikuwa amesimama pembeni, mikono kifuani, anasubiri jibu.

"Pengine," Marlene alisema, "umefuta mwenyewe bila kujua. Hutokea."

Kama Viola angebisha, labda Marlene angekiri. Hakubisha. Aliamini. Alijishika mdomo, akasema taratibu, "Nimemfuta mama yangu kwa mkono wangu." Kisha akawaomba radhi kwa kuwapotezea muda.

Jioni ile Marlene hakula. Alifungua maji ya kuoga, akajikuta amekaa ukingoni mwa hodhi na nguo zake, maji yanamwagika.

Juma hilohilo alianza kuilinganisha rejesta kila asubuhi bila kukosa. Asubuhi ya kwanza amri ya kulinganisha ilimaliza kazi ikaandika mstari mmoja mpya: fungu la Viola, limepatikana. Mahali: ile diski iliyo stoo.

Akaufuta. Kesho yake ukarudi.

Akaufuta tena. Ukarudi.

Alimwita Gene. "Amri hii haibuni kitu," alimwambia kwa sauti ya chini. "Inaandika kile seva ilichojibu. Diski haina waya, Gene. Sasa aliyejibu ni nani?"

Gene alitazama kioo cha kompyuta, akamtazama yeye. "Nenda nyumbani ukapumzike, mama wa biskuti," alisema. Lakini hakucheka, na tangu siku hiyo hakuingia tena stoo peke yake.

Theluji ilipofunga chuo, Marlene alikuwa zamuni. Mchana mweupe. Jengo zima kimya. Alikwenda stoo kuchukua kebo, au ndivyo alivyojiambia.

Mlango ulikuwa wazi.

Rafu ilikuwa pale. Vumbi kila mahali, isipokuwa juu ya diski. Akaigusa. Ilikuwa na joto, kama paji la mtoto mgonjwa. Ndani yake kitu kilizunguka.

Haikuwa na waya.

Kisha sauti. Ya kikongwe. Si masikioni, bali kwenye mifupa ya vidole. Nyanya yake Marlene alikuwa Mslovaki, wa upande wa milima ileile, na maneno machache ya jikoni yalimbakia. Alielewa neno moja tu. Wapi.

Sauti ikauliza tena. Wapi. Wapi. Kama mtu anayepapasa ukuta gizani.

Marlene hakujibu. Alivua sweta, akaifunga diski ndani yake, akatoka nayo kwenye theluji bila kofia. Hakusimama mpaka alipofika mlangoni kwa Viola.

"Ni mimi," alisema kabla hajakaribishwa. "Hukufuta wewe. Nilifuta mimi. Nikaona aibu mbele ya bosi wangu, nikakusingizia."

Harufu ya kabichi na kitunguu ilitoka jikoni.

"Nimeacha kuimba kanisani," Viola alisema. "Nilijiona sistahili. Ulijua, ukaniacha?"

"Nilijua."

Viola aliichukua diski, pamoja na sweta, akafunga mlango. Hakuubamiza. Marlene alitamani angeubamiza.

Mstari haukurudi tena kwenye rejesta. Marlene alilinganisha asubuhi baada ya asubuhi, huku na huku, na kila kitu kilikuwa mahali pake. Alikaribia kulala usingizi mzuri. Baridi ilipoanza kulegea, Viola akapiga simu.

"Njoo," alisema. "Mafundi wameokoa faili moja kwenye ile diski."

Walikaa sebuleni kwa Viola, hawatazamani. Viola akabonyeza. Sauti ya kikongwe ikatoka, ileile, ikiuliza. Kisha sauti nyingine ikajibu. Ya mwanamke wa makamo. Ilijibu kwa upole na kwa urefu, katika lugha safi ya kijijini, bila kusita hata mara moja.

Marlene alishika ukingo wa kiti. Sauti ile ilikuwa yake.

"Kumbe unaijua lugha yetu," Viola alinong'ona.

"Siijui. Naapa siijui. Nasema nini hapo?"

Viola alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho Marlene alikichukua kuwa chuki, baadaye akatambua ni huruma.

"Anauliza akae wapi, maana hana mahali. Nawe unamwambia aje kwako. Unamwelekeza njia. Ngazi, geti, mlango wa nyuma. Unamwambia chumba cha wageni ni chake, na hutamtoa."

Marlene alirudi nyumbani kabla jua halijazama. Chumba cha wageni hakikuwa kimelaliwa tangu harusi, na kitanda alikitandika mwenyewe, shuka ikakazika kama ngoma. Akasukuma mlango.

Katikati ya shuka palikuwa na bonde. Alama ya mwili mdogo, uliolalia ubavu, magoti yamekunjwa. Juu ya mto, unywele mmoja mweupe, mrefu.

Alinyoosha mkono aitandaze ile shuka. Mkono ukaishia hewani. Aliyaona macho ya Viola siku ile ya Jumatatu, akiomba radhi kwa kosa lisilo lake, na uso ukamuwaka kwa aibu.

Akaurudisha mkono. Akatoka kinyumenyume, akaufunga mlango polepole, kama anavyofanya mtu ambaye hataki kumwamsha mgeni.

Upande wa ndani, kitasa kikageuka, kikamalizia kuufunga.