Namba Iliyofutwa Mara Tatu

Gari lilikata nguvu Kayole, Nairobi, pale Spine Road inapoinama, saa nne asubuhi, maji ya mvua yakiwa yamefika nusu ya magurudumu. Pembetatu nyekundu iliwaka kwenye dashibodi. Vivian Andati, dereva wa teksi, akakanyaga mafuta, akakanyaga tena. Hakuna.

"Limekufa?" aliuliza abiria wake, Mzee Mukhwana, kutoka kiti cha nyuma.

"Limegoma, Mzee."

Miguu ya mzee ilikuwa imevimba hata viatu havifungiki. Alipaswa kusafishwa damu Jumatatu, mashine ya hospitali ikaharibika. Leo ilikuwa Alhamisi. Nafasi yake ilikuwa saa tano, na daktari alikuwa amesema bila kupepesa macho: akikosa leo, Jumamosi huenda asiione.

Na maji yalizidi kupanda. Mwaka wa tisini na saba yalipita hapa hapa, mengi kuliko haya, yakateremka mtoni kwa sababu mtaro ulikuwapo. Sasa juu ya mtaro kuna ukuta, nyuma ya ukuta kuna ghorofa saba, na mwenye ghorofa hajawahi kulowa hata soksi. Wapangaji wa Kayole waliandika barua. Waliambiwa faili haionekani. Faili haionekani! Ukuta wote huo unaonekana.

Vivian alichomeka kidude cha kusomea hitilafu chini ya usukani, akatazama simu. P0A93. Namba ile ile. Mara tatu alimpelekea fundi Sydney, na mara tatu Sydney aliifuta, taa ikazimika. "Hiyo ni betri inazeeka tu, siz. Ukijipanga tutabadilisha yote." Gari la haibridi, la petroli na umeme, la miaka kumi na minne, kila fundi wimbo wake ni betri.

"Inasemaje?" mzee aliuliza.

"Inveta, kile kigeuza umeme wa mota, haipozwi."

"Sasa betri imeingilia wapi hapo?" Mzee alijikokota mbele, akishika kiti. "Mwanangu, nimeishi Makongeni miaka thelathini na moja, kazi yangu injini za reli. Dizeli inazungusha jenereta, jenereta inalisha mota. Hili lako ni treni iliyokosa kukua. Kwetu ukifuta hitilafu bila kuitafuta, kesho huna kazi. Huyo si fundi. Fungua boneti."

Watu kama ishirini walisimama ukingoni wakitazama. Yonis, mvuta mkokoteni, akapaza sauti: "Mathe, tokeni! Hiyo ni gari ya stima, itawakaanga!"

"Njoo usukume basi!" Vivian alimjibu.

"Nisukume nigeuke makaa? Utachomea mahindi juu yangu?"

Wakacheka. Hakuna aliyeingia majini.

Mzee aliingia. Maji yalimfika magotini. Alivua koti akalitandaza juu ya injini kama hema, mvua ikampiga mgongoni.

"Rudi ndani, Mzee!"

"Nirudi nikafie kwenye kiti? Shika kazi. Nyaya za rangi ya machungwa usiguse hata kwa ndoto. Washa, kisha uchungulie lile tangi dogo."

Vivian aliwasha, akachungulia. Maji ya kupozea yalipaswa kuzunguka. Yalikuwa yametulia kama chai iliyosahaulika mezani.

"Pampu haizunguki," alisema.

"Zima. Tafuta fyuzi yake."

Ilikuwa imeungua, nyeusi katikati. Miezi mitatu ya kuambiwa betri! Vivian alitukana, tusi la Kayole, refu. Mzee hakumkemea.

"Kuna nyingine ya ampea kumi?"

"Ya honi."

"Ing'oe."

"Nairobi bila honi, Mzee?"

"Una mdomo. Nimeusikia sasa hivi."

Fyuzi ikaingia. Lakini inveta ilihitaji kupoa, na kupoa hakuharakishwi. Dakika tano. Kumi. Maji yakapenya milangoni, yakaondoka na kandambili za Vivian. Mzee akaanza kuyumba. Vivian alimdaka kwapani, wakaegemea ubavu wa gari, wote wamelowa chepechepe.

Yonis aliwatazama wameshika chuma na hawafi.

"Kumbe haipigi, buda?"

"Ingepiga ungekuwa ushamaliza kutucheka," mzee alijibu, akihema.

Yonis akaingia, wengine sita wakamfuata, wakalisukuma gari hadi mwinukoni. Vivian akawasha. Ndani ya tangi, maji yalijikunja, yakazunguka.

"Nenda taratibu," mzee alisema, midomo imebadilika rangi. "Pampu imechoka, itaila na hiyo fyuzi."

Vivian aliendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha, akipayuka hadi koo likawaka: "Kando! Nina mgonjwa! Kando!" Pembetatu iliwaka tena langoni mwa hospitali. Saa tano na dakika ishirini na tano.

"Nafasi yake imepita, mama," alisema muuguzi Eve.

"Jumatatu mashine yenu ilikufa, akawangoja siku tatu. Nyinyi dakika ishirini na tano zimewashinda?" Vivian alisimama mlangoni akitiririka maji. "Sitoki hapa."

Eve aliitazama ile miguu. Akaleta kiti cha magurudumu.

Saa sita mzee alikuwa kwenye mashine, macho yamefumbwa, kifua kikipanda na kushuka. Vivian aliketi sakafuni kando yake, miguu mitupu, akafungua kundi la madereva kwenye simu, akarekodi ujumbe kwa sauti iliyokwaruza:

"Hapa kuna mtu karibu afe kwa sababu ya namba iliyofutwa. Nani mwingine Sydney amemfutia? Niambieni. Kesho saa mbili tuko mlangoni pake."

Kabla damu ya mzee haijamaliza kuzunguka mashineni, madereva kumi na saba walikuwa wamejibu.