Jiwe Lisilo na Mashahidi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Jerica alikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyemwonea wivu: kuwafungulia kuku. Banda lilikuwa nyuma ya ghala, karibu na shamba la jirani yao, Mzee Lojz. Mwishoni mwa Oktoba ukungu ulipanda kutoka mtoni na kulala pale mteremkoni mpaka jua lichomoze, na kuku wenyewe walichungulia tu, kisha wakarudi ndani.

Asubuhi hiyo alimwacha bibi yake, Pepca, akikohoa jikoni huku akiwasha jiko la kuni. Alipofungua komeo la banda, aliona mwanga mdogo wa njano ukitembea polepole kwenye mpaka wa mashamba. Ukasimama. Ukatembea tena. Jerica alitimua mbio, akaacha banda wazi.

"Nimeona taa mpakani," alimwambia Urban, mjukuu wa Mzee Lojz, ndani ya basi la shule. Hilo lilikuwa kosa, maana mdomo wa Urban hauna breki.

"Babu yako huyo!" Urban alisema, basi zima likageuka. "Aliyehamisha jiwe la mpaka akifa hapumziki. Analibeba jiwe lake, linamuunguza mikono, anazunguka akiuliza, 'Niliweke wapi? Niliweke wapi?'"

"Babu yangu hakuhamisha jiwe lolote. Funga domo lako!"

"Haya. Basi niambie kwa nini babu yangu hajawahi kunywa hata kahawa kwenu."

Jerica aligeukia dirishani. Babu Vinko alikufa majira ya baridi yaliyopita, na siku ya mazishi Mzee Lojz aliishia kwenye geti la makaburi, kofia mkononi.

Nyumbani, baba yake, Matjaž, hakuwa na habari nyingine ila nyumba mpya. Ile ya zamani kuta zake zilitoa maji, na Jerica alilala chumba kimoja na bibi yake na mdogo wake mpiga mateke. Katika nyumba mpya angepata chumba chake mwenyewe, chenye dirisha la kutazama bonde. Baba alikuwa ameshaichora ardhini kwa chokaa, na ukuta wa chumba hicho ulikaribia kabisa jiwe la mpaka. Kilichobaki ni mpima ardhi kuja kuthibitisha mawe mbele ya majirani wote. Kila akitoka shule, Jerica alisimama ndani ya mistari ile, mahali pa kitanda chake, akalitazama bonde lake.

Siku moja kabla ya mpima kuja, alfajiri, mwanga ukaonekana tena. Safari hii kulikuwa na sauti pia: chuma kikichoma udongo. Jerica alitaka kukimbia tena, lakini hasira juu ya maneno ya Urban ilimsukuma. Akasogea. Ndani ya ukungu akaliona koti la kijivu lenye kiraka begani. Lilikuwa koti la babu yake.

"Usipige kelele, mtoto," likasema koti. "Ni mimi."

Alikuwa Bibi Pepca, ameshika taa na mtaimbo.

"Bibi! Unatafuta nini?"

"Mashahidi." Bibi aliketi kwenye majani yenye umande, akapumua. "Zamani, kabla ya kusimika jiwe, walivunja kigae cha paa vipande vitatu, wakavizika chini yake. Jiwe linaonekana, mtu anaweza kulisogeza. Vigae havionekani. Nasi watoto tulipangwa pale pale, tukazabwa kibao cha sikio kila mmoja ili tusipasahau. Mimi na Lojz tulizabwa siku moja. Jana nimechimba chini ya hili jiwe la sasa. Hamna kitu."

"Nani alilisogeza?"

"Babu yako. Alitaka njia ya mkokoteni, na Lojz alikuwa amekwenda kufanya kazi Ujerumani. Mimi ndiye niliyemshikia taa." Sauti yake ilikatika. "Baba yako hajui. Nikisema, nimemwita mume wangu mwizi, naye hawezi kujibu. Nisiposema, nitakwendaje kumwashia mshumaa kaburini Siku ya Watakatifu Wote?"

Bibi alikumbuka jambo moja tu: alipozabwa kile kibao, aliuona mnara wa kanisa kwenye pembe ya paa la ghala. Ukungu ulipoanza kupungua, walisogea pamoja upande wa nyumba, hatua kwa hatua, mpaka mnara ukajitokeza pembeni mwa paa. Walikuwa wamesimama ndani ya mistari ya chokaa, mahali pa kitanda cha Jerica.

Mtaimbo ukagonga kitu. Bibi alifukua kipande cha kigae, chekundu bado. Jerica alitamani kurudishia udongo na kukimbilia basi.

"Kesho nitasema mwenyewe," Bibi alisema. "Wewe kaa na hiki, nisije nikajifanya nimesahau."

Mpima ardhi alikuwa dada mmoja mwenye buti za mpira. "Ramani ya hapa ilichorwa zamani kwa mkono, kwa tofauti ya hatua chache haiaminiki," alieleza. "Mkikubaliana juu ya jiwe, nami nitaandika hivyo."

"Jiwe si hilo hapo?" baba alisema. "Mzee Lojz, una neno?"

Mzee Lojz alimtazama Bibi. "Kama nyumba yenu inasema hivyo."

Bibi alifungua mdomo. Midomo ikacheza, sauti haikutoka. Jerica alikibana kigae mfukoni mpaka kikamuumiza. Alikiona chumba chake, dirisha, bonde.

"Si hapo," alisema.

"Jerica, nenda ndani!"

"Si hapo, baba. Hilo jiwe halina mashahidi." Akakitoa kigae.

Mpima alielewa mara moja, akachukua sepetu. Chini ya jiwe alikuta udongo mtupu. Pale alipoonyesha Jerica alikuta vipande viwili, na kile cha tatu kikakaa kati yao bila kubakiza mwanya.

"Nani alifanya hivi?" baba aliuliza.

"Baba yako," Bibi alisema, sauti imerudi. "Nami nilimshikia taa."

Baba aliitazama ile mistari ya chokaa. Kisha akainama, akaling'oa jiwe, akalikumbatia kifuani. Mikono ilikuwa imemwiva kwa uzito. Akageuka, anahema.

"Niliweke wapi?"

Urban, aliyekuwa amekaa juu ya uzio, aliacha kucheka. Baba alikuwa na mgongo wa babu na sauti ya babu. Jerica alijua lazima mtu amjibu.

"Liweke pale babu alipolitoa."

Jiwe likatua juu ya vigae vyake.

Mzee Lojz alivua kofia. "Sikio langu halijawahi kupasahau hapa," alisema. "Lakini sikuwa na ushahidi, na Vinko hakuwa mtu wa kuambiwa. Nilingoja mtu mmoja wa nyumba hii aseme." Akajikohoza. "Kahawa ipo?"

"Ipo," Bibi alisema huku akilia.

Nyumba ilibidi ipunguzwe. Jerica angepata chumba darini, chenye kidirisha kidogo, na siku hiyo alilia bandani, kuku wakimkodolea macho.

Siku ya Watakatifu Wote, makaburi yalijaa mishumaa. Mzee Lojz alipita getini, akawasha wa kwake kwenye kaburi la Babu Vinko. Jerica alimsogelea bibi yake.

"Bibi, asubuhi ile ya kwanza nilipoona mwanga, wewe ulikuwa jikoni. Nilikusikia ukikohoa."

Bibi aliuzungushia mshumaa viganja ili upepo usiuzime.

"Kuna mambo sitakuambia kwamba nayajua," alisema. "Ninalolijua ni hili. Ulichochukua kisicho chako, kirudishe mwenyewe ungali na mikono. Sisi tulikawia, tukamwachia mtoto atubebee. Wewe usikawie."

Kesho yake ukungu ulikuwa ule ule. Jerica alifungua komeo, akatazama mpakani. Hapakuwa na mwanga wowote, na kuku walitoka nje wote.