Nyimbo Tisa za Bibi Margareta

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Fausta alimnywesha bibi yake uji. Alimwegemeza ukutani, akamfunga kitambaa kifuani, kisha akapeleka kijiko upande wa kushoto wa mdomo, kwa sababu upande wa kulia ulikuwa umekufa ganzi. Kiharusi kilimpata mwezi wa sita, shambani, mundu ukiwa mkononi. Tangu siku hiyo Bibi Margareta alielewa kila lililosemwa, lakini ulimi wake haukuweza kutamka neno. Alibaki na sauti moja nzito, "mmh", na sauti hiyo ilibidi itoshe kwa ndiyo, kwa hapana, kwa maji na kwa njaa.

Pale Kibaoni, mjini Ifakara, hakuna aliyewahi kumshinda kwa kuimba. Alizijua nyimbo za Kindamba za kuvuna mpunga. Alizijua pia zile za kuamia ndege wasile mpunga, ambazo watu waliimba wakiwa juu ya dungu, kile kichanja cha miti kinachojengwa katikati ya shamba. Wengine walijua kipande hapa na kipande pale. Yeye alizijua toka mwanzo hadi mwisho. Kwa bahati njema, mwezi wa pili, alipokuwa bado mzima, Mwalimu Wendelin alimrekodi kwa simu yake nyimbo tisa kwa ajili ya klabu ya muziki ya shule.

Baada ya ugonjwa ule, mwalimu alipita kila Jumapili kumsikilizisha nyimbo hizo. Sauti ilipotoka simuni, vidole vya mkono wa kushoto wa Bibi vilianza kukusanya mashuke ya mpunga yasiyokuwepo. Mama yake Fausta, Dorotea, aliacha kila kazi akakaa chini.

"Ndiyo dawa yake hii, mwalimu," alisema. "Hospitali wametupa vidonge, wewe unatuletea dawa."

Mwezi wa tisa shule ilipata kompyuta mpya, zawadi ya mwanafunzi wa zamani aliyekuwa fundi mitambo kwenye mashamba ya miwa. Klabu ya muziki ilikutana kuchagua programu ya kutengenezea muziki. Fausta, mwanafunzi wa darasa la sita, ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na ufunguo wa chumba ulining'inia shingoni mwake.

"Tuweke ile ya bure," alisema Happyness. "Nimesoma maelezo yake. Inarekodi, inapunguza kelele, inaweka sauti moja juu ya nyingine. Kwa nyimbo za bibi inatosha kabisa."

Happyness alikuwa binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia bondeni na ng'ombe wao. Klabuni wapo waliokuwa bado hawajamzoea, na Fausta alikuwa wa kwanza kati yao.

"Umeisomea wapi? Zizini?"

Wenzake wakacheka.

"Zizini, ndiyo," alijibu Happyness bila haraka. "Netiweki ya kule ni nzuri kuliko ya kwenu. Ng'ombe hawapigi simu."

Safari hii kicheko kilikuwa kikubwa zaidi, na Fausta alikiona kama kofi.

"Mwalimu, wenzetu wa shule ya Kiberege wana programu ya studio," alisema. "Ngoma zimo ndani tayari, vinanda vimo, ukibonyeza tu inalia. Hiyo ya bure ina mistari mitupu. Watatucheka."

"Ya studio inauzwa, na sisi hatuna cha kununulia," alisema Mwalimu Wendelin.

"Kaka Nassib anasema ipo isiyolipiwa."

"Ipo iliyovunjwa kufuli. Huo ni wizi, na mlango uliovunjwa na mwizi haumchagui anayepita baada yake. Tutaweka ile ya bure. Tujifunze nayo mwaka mzima. Tukiiweza, tutatafuta namna ya kununua nyingine."

Aliihamishia kompyutani ile programu ya bure pamoja na nyimbo tisa za Bibi. Kisha akampa Fausta flashi mpya. "Nakili nyimbo zote humu, uitunze nyumbani. Simu yangu imejaa, nataka kuzifuta nyimbo nipate nafasi. Lakini sitafuta mpaka uniambie umeshanakili."

"Sawa, mwalimu."

Jioni ile ile Fausta alipita kwenye kibanda cha Nassib karibu na stendi. Nassib, kijana wa mtaani kwao, aliishi kwa kuwaingizia watu nyimbo kwenye memori kadi za simu.

"Ile ya bure ni ya kurekodia mahubiri, mdogo wangu," alisema akicheka. "Hii ndiyo mashine. Una flashi?"

Fausta aliitoa ile ya shule. Nassib aliijaza programu ya studio mpaka pasibaki nafasi ya wimbo hata mmoja.

"Ukianza kuiweka, zima kwanza kinga ya virusi," alimwelekeza. "Hiyo kazi yake kupiga kelele kama mbwa wa jirani. Ukimwachia hulali."

Mpango wa Fausta ulikuwa mwepesi. Angeiweka programu, angeisafisha flashi, halafu angenakili nyimbo. Siku moja au mbili zingedhuru nini?

Kesho yake, Alhamisi, mwalimu alimkuta mstarini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umeshanakili?"

Wanafunzi walikuwa wengi, kengele ilikuwa inagongwa, na Happyness alisimama nyuma yake akisikiliza.

"Ndiyo, mwalimu."

"Zote tisa?"

"Zote."

Mwalimu Wendelin alitoa simu mfukoni na, pale pale aliposimama, akazifuta.

Ijumaa asubuhi Fausta aliwahi shule kabla ya wafagiaji. Alifungua chumba, akazima kinga ya virusi, akachomeka flashi. Programu ilifunguka ikiwaka rangi kama alivyoahidiwa. Kwa robo saa alipiga ngoma kwa ncha ya kidole, na akauona uso wa kila aliyemcheka. Kisha kompyuta ikaanza kuwa nzito. Ikajizima na kujiwasha. Ilipotulia, majina ya mafaili yote yalikuwa yamegeuka herufi zisizosomeka, na katikati ya kioo palikuwa na maandishi mekundu ya Kiingereza. Alibonyeza faili la wimbo wa kwanza. Halikufunguka. La pili halikufunguka. Alifika la tisa, nalo halikufunguka, akazima mashine, akafunga mlango.

Hakumwambia mtu. Jumapili mwalimu alipofika nyumbani kumjulia hali Bibi, Fausta alijifanya anaumwa kichwa, akalala amegeuzia uso ukutani. Alimsikia mama yake akiuliza, "Leo hukuja na nyimbo, mwalimu?" na mwalimu akijibu kwamba sasa ziko shuleni salama, Jumapili ijayo ataziweka upya kwenye simu.

Jumatatu mwalimu aliikuta mashine haifungui kitu, akamwita fundi wa kompyuta, mzee mmoja aitwaye Barnaba. Klabu nzima ilisimama mlangoni.

"Nani aliitumia mwisho?" aliuliza mwalimu.

"Happyness," alisema Fausta. "Ijumaa mchana nilimfungulia aingie kupangusa vumbi."

"Nilipangusa tu, mwalimu. Sikuiwasha," alisema Happyness.

"Kwao wanapangusa ng'ombe," mtu alinong'ona nyuma. "Kompyuta ataijulia wapi?" Safari hii Happyness aliinama, akaanza kukwangua wino kwenye kiganja chake.

Barnaba alivua miwani. "Ni kirusi cha kufunga mafaili. Kimeingia pamoja na programu ya wizi. Mashine nitaifuta ianze upya, itapona. Vilivyofungwa humu siwezi kuvifungua, na sijui mtu hapa Ifakara awezaye."

Mwalimu Wendelin alishusha pumzi, akatabasamu. Tabasamu hilo Fausta alilikumbuka muda mrefu kuliko viboko vyovyote.

"Basi si msiba. Nyimbo tunazo kwenye flashi. Fausta, kimbia nyumbani uilete."

Fausta hakukimbia. Flashi ilikuwa mfukoni mwake. Aliitoa, akaiweka mezani, na Barnaba alipoichomeka kwenye kompyuta yake ndogo, ikaonekana wazi kilichomo na kisichokuwemo.

"Nyimbo ziko wapi?" aliuliza mwalimu.

"Sikuzinakili."

"Uliniambia zote tisa."

"Nilitaka kunakili baadaye."

Mwalimu alikaa kwenye dawati la wanafunzi, magoti yakiwa juu. Alisema, "Mwombe radhi Happyness mbele ya wenzako. Halafu lete huo ufunguo. Halafu twende kwenu, ukawaambie wewe mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Nyumbani Fausta alipiga magoti mbele ya mkeka, akaeleza yote. Dorotea alishika kichwa. Bibi Margareta alisikiliza mpaka mwisho. Alisema, "mmh", na kwa mara ya kwanza tangu augue, hakuna aliyejaribu kukisia alimaanisha nini. Kisha akageuza uso taratibu kuelekea ukutani.

Wiki iliyofuata mashine ilikuwa nzima. Barnaba aliweka ile programu ya bure, na Happyness, mwenyekiti mpya, alijifunza kuitumia kwa siku mbili tu. Dorotea alifika shuleni akaimba alizozikumbuka. Zilikuwa tatu. Nyingine sita zilimtoka kwenye ubeti wa kwanza, akaacha mdomo wazi, akatafuta, asipate.

Jumapili walimpelekea Bibi hizo tatu. Mbili alizisikiliza kimya. Katika ya tatu alianza kutikisa kichwa kwa nguvu na kupigapiga mkeka kwa mkono wa kushoto.

"Nimekosea maneno, mama?" aliuliza Dorotea. "Wapi? Nionyeshe."

"Mmh," alisema Bibi. "Mmh. Mmh." Machozi yalimshuka upande mmoja. Alijua neno sahihi, lilikuwa humo ndani yake, na hapakuwa na njia ya kulitoa.

Fausta alitoka nje. Mwalimu Wendelin alimfuata, akasimama naye uani, kuku wakipita miguuni mwao.

"Nitazitafuta, mwalimu. Nitauliza wazee wote wa Kindamba wa ng'ambo ya mto."

"Utawauliza. Nitakupeleka mwenyewe siku ya Jumamosi. Huenda tukapata moja, huenda tusipate. Lakini nisikilize, maana sitalirudia. Kuchagua programu mbaya ni kosa la mtoto, na Barnaba alilirekebisha kwa asubuhi moja. Kumdharau Happyness ni kosa kubwa zaidi, kwa maana alikuwa na jibu sahihi, wewe ukatazama ng'ombe wa baba yake. Lakini nyimbo hazikuuawa na kompyuta, Fausta, wala na Nassib. Zilikuwa simuni mwangu, nzima, mpaka ulipotamka 'ndiyo, mwalimu'. Mimi nilizifuta kwa mkono wangu kwa sababu nilikuamini. Mtu akikuamini huwa anaacha kujikinga. Ndiyo maana uongo unaosemwa kwa mwenye kukuamini hauna fundi."

Fausta aliitikia kwa kichwa. Ndani, mama yake alikuwa ameanza tena ule wimbo wa tatu, akijaribu neno hili na neno lile, na baada ya kila neno walimsikia Bibi akikataa.